Kila kaya inasema inachemsha maji: namna ya kuhoji mtaa wa Arusha kuhusu maji, vyoo na taka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Arusha. Mtaa wetu uko kando ya Mto Themi na una kaya kama 900. Tunataka kuhoji kaya kuhusu maji, vyoo, taka na uelewa wa mazingira, kisha matokeo tuyapeleke kwa diwani. Tumeandaa dodoso la maswali 64 na kulijaribu kwa majirani wachache. Karibu wote wanasema wanachemsha maji ya kunywa, wana choo bora, hawatupi taka mtoni, na wanajua umuhimu wa kutunza mazingira. Lakini mto tunauona kila siku, umejaa pampasi na mifuko. Tunakosea wapi? Na kaya ngapi zinatosha?

JIBU: Marahaba, wanangu. Mmefanya jambo ambalo hata miradi yenye fedha hulisahau: mmelijaribu dodoso kabla ya kulitumia, na mmekataa kuyapokea majibu ambayo macho yenu yanayapinga. Mkiwa na tabia hiyo, mengine yanafundishika.

Majirani zenu hawakuwadanganya kwa nia mbaya. Mliwauliza maswali yenye jibu jema moja tu. Mama anapoketi mbele ya vijana wawili wenye karatasi na barua ya mtendaji, akaulizwa “Je, unachemsha maji ya kunywa?”, analijua jibu tangu kliniki ya wajawazito. Amelisikia redioni, mwanawe amelileta kutoka shuleni. Anawarudishia somo alilofundishwa. Mlichopima ni kwamba somo lilifika. Kama maji yanachemshwa kweli, hilo bado hamjaliuliza.

Kosa hili lina gharama, na ndiyo maana nalijibu kwa urefu. Mkienda kwa diwani na takwimu za “uelewa”, mtarudi na semina. Litatundikwa bango, itatangazwa siku ya usafi, na wananchi watahimizwa waache kutupa taka ovyo. Huenda wananchi hao wanajua kila kitu, ila gari la taka halifiki kichochoroni kwao na shimo la choo limejaa tangu masika. Dodoso zuri kwa mtaa kama wenu ni lile linaloweza kumtenganisha mtu asiyejua na mtu anayejua lakini hana pa kupeleka. Kila swali mtakalobakiza lipimeni kwa kigezo hicho. Naamini yale 64 yatapungua hadi 30 au chini.

Tuanze na maji ya kunywa. Acheni “huwa” na “je, unafanya”, ulizeni kuhusu leo na jana. “Maji mnayokunywa leo yalitoka wapi?” “Kabla ya kuwekwa kwenye chombo hiki yalifanyiwa nini?” Akisema yalichemshwa, ulizeni lini na kwa moto gani. Aliyechemsha jana atawaambia bila kufikiri kwamba alitumia mkaa uliobaki baada ya maharage, au kwamba gesi iliisha Jumanne ndiyo maana leo hawakuchemsha. Kisha ombeni kwa adabu waoneshe chombo chenyewe. Kina mfuniko? Maji yanachotwaje: kwa kata yenye mpini, kwa bomba la chini, au kwa kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole? Maji yaliyochemshwa vizuri huweza kuchafuliwa upya na kikombe kimoja, na hilo hakuna mhojiwa atakayelitaja asipoulizwa.

Kunawa mikono msiulize kabisa. Angalieni. Hata Shirika la Afya Duniani na UNICEF, wanapolinganisha nchi, hawahesabu kauli ya mtu. Mdodosaji huomba kuoneshwa mahali pa kunawia, kisha huandika kama kuna maji na kama kuna sabuni wakati huohuo. Kibuyu chirizi kilichokauka kiandikwe kuwa kimekauka.

Kuhusu chanzo cha maji, tofautisheni chanzo kikuu na cha akiba, na pia maji ya kunywa na maji ya kufulia. Arusha kaya moja huweza kunywa ya bomba, ikafua kwa ya kisima na ikanunua ya boza siku za mgao. Swali la “mna maji ya bomba?” halina faida kubwa. Ulizeni: “Katika siku saba zilizopita, maji yalitoka siku ngapi?” Kwa wanaochota nje ya uwanja wao, ulizeni muda wa kwenda, kupanga foleni na kurudi kwa jumla. Kipimo kinachotumika kimataifa ni dakika 30 kwa safari nzima. Chanzo kikiwa salama lakini safari ikazidi hapo, kaya haihesabiwi kuwa na huduma ya msingi. Ulizeni pia ndoo ngapi za lita 20 ziliingia nyumbani jana na bei ya ndoo moja. Gawanyeni lita kwa idadi ya watu. Mtu asiyefikisha lita 20 kwa siku ana maji ya kunywa, kupika na kunawa kidogo tu, kwa hiyo kumlaumu kwa choo kisichooshwa ni kumwonea.

Sasa kuna jambo la Arusha ambalo dodoso mlizonakili kutoka mahali pengine haziwezi kuwa nalo: floraidi, madini ya majini ambayo yakizidi hudhuru meno na mifupa. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huachia floraidi kwenye maji ya chini ya ardhi, chemchemi na mito ya eneo hili, na kiwango hubadilika sana kutoka chanzo hadi chanzo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kiwango cha Tanzania kwa miaka mingi kiliruhusu miligramu 4, kisha kikashushwa hadi 1.5. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha ya kumshtua mtu, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki kwenye sufuria na kiwango chake kwa lita kinapanda kidogo. Chujio la kauri linalozuia vijidudu nalo haliigusi. Kwa hiyo kaya inayochota kisima chenye floraidi nyingi na kuchemsha kwa bidii imejikinga na kuhara, lakini meno ya watoto wake bado yamo hatarini. Mkimpa alama ya “maji salama” kwa sababu anachemsha, mmeandika uongo kwa mkono wa mtu mwaminifu.

Ongezeni basi maswali mawili. La kwanza: watoto walio chini ya miaka minane wanakunywa maji ya chanzo gani? Umri huo ndio meno ya kudumu yanapojengeka, na ndipo floraidi inapoyaachia madoa ya kahawia. La pili: wanatumia magadi kwenye makande au maharage? Magadi ya huku kwetu huweza kuwa na floraidi nyingi, na kaya yenye bomba zuri ikaipata kupitia chungu. Kisha kuna mtego mmoja: msitumie meno ya watu wazima kama ushahidi wa maji ya leo. Meno ya mtu wa miaka 40 yanasimulia alikunywa nini utotoni, pengine alikulia Maji ya Chai, eneo la Arumeru lenye floraidi nyingi, na bomba la leo halina kosa. Hali kadhalika, mgeni aliyehamia akiwa mtu mzima atabaki na meno meupe hata akinywa maji mabaya, ingawa mifupa yake huweza kudhurika kwa miaka mingi ya kuyanywa. Mkiweza, pelekeni sampuli za vyanzo vinavyotumiwa sana maabara ya maji. Vyanzo vya mtaa mmoja ni vichache, hata kama kaya ni 900. Sampuli sita au saba zitawapa ukweli ambao mahojiano hayawezi kuutoa.

(Wenzenu wa Moshi wakiazima dodoso hili, sehemu ya floraidi isiwe ndiyo nzito. Maji mengi ya mamlaka pale hutoka kwenye chemchemi za chini ya Kilimanjaro, kama Nsere na Shiri. Mimi ningewauliza zaidi kuhusu mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachagga: nani anachota humo, na nani aliye juu yake anafulia au kunywesha ng'ombe.)

Kwenye vyoo, “mna choo bora?” halifai. Ombeni kukiona, mwandike mnachokiona: sakafu inayosafishika, mlango, paa, kama ni cha shimo au cha kumwaga maji, na maji taka yanaenda wapi. Kisha ulizeni kaya ngapi zinakitumia. Katika nyumba za kupanga choo kimoja huweza kuwa cha kaya sita. Choo hicho hata kikiwa kimejengwa vizuri, kimataifa huwekwa daraja la chini kuliko choo cha kaya moja, kwa sababu kinachotumiwa na wote mara nyingi husafishwa na mmoja au hakuna. Wapangaji wanalijua hili kuliko mtaalamu yeyote.

Swali muhimu zaidi la choo ni la shimo kujaa. “Shimo hili limewahi kujaa? Lilipojaa ilifanyika nini?” Mpangaji mara nyingi hajui, na akijua huogopa mwenye nyumba. Mwenye nyumba aulizwe peke yake, siku nyingine, bila wapangaji kusikia. Kuhusu kutapisha vyoo wakati wa mvua, yaani kuachia kinyesi cha shimo kiondoke na maji, hamtapata ukweli kwa kuuliza “ninyi mnatapisha?” Ni kosa, na hakuna atakayejishtaki. Ulizeni kwa kuzunguka: “Masika yakija na vyoo vikajaa, watu wa maeneo haya hufanyaje?” Watu husema ya wengine kwa uhuru. Ila mkumbuke jibu hilo ni picha ya mtaa, msije mkaligeuza kuwa asilimia ya kaya. Halafu mtembee kutoka kwenye shimo hadi mahali ambapo gari la kunyonya majitaka linaweza kusimama, mkihesabu hatua. Shimo lisilofikiwa na mpira wa gari haliwezi kunyonywa hata mwenye nyumba akiwa na fedha mkononi. Kwenye mitaa ya kando ya mto, ambako viwanja vimebanana na maji ya ardhini yako karibu, kipimo hiki cha hatua huweza kueleza mengi kuliko kurasa tatu za maswali.

Nije kwenye taka. Msiulize “mnatupa taka wapi?” Swali hilo lenyewe lina harufu ya mashtaka. Ulizeni “Mara ya mwisho taka zenu zilichukuliwa na nani?” na “Gari la taka au kikundi cha usafi kilipita lini mara ya mwisho?” na “Mlilipa kiasi gani, mkapewa risiti?” Mtu akisema gari lilipita wiki tatu zilizopita, ameshawaambia taka za wiki hizo ziko mahali fulani. Hapo muulizeni, kwa sauti ileile ya kawaida, zilifanyiwa nini zilipojaa: zilichomwa, zilifukiwa, zilipelekwa korongoni, au kijana wa mkokoteni alilipwa azichukue. Huyo wa mkokoteni mfuatilieni. Kaya inayomlipa inaamini kwa dhati kwamba taka zake zimefika dampo la Murriet, na kumbe yeye humwaga darajani jioni. Kaya hiyo haikosi uelewa hata chembe.

Tenganisheni aina za taka. Maganda ya ndizi na mabaki ya chakula mara nyingi huchukuliwa na wenye ng'ombe au nguruwe, na chupa za plastiki huokotwa na kuuzwa. Mkiziweka zote kwenye kisanduku kimoja cha “taka”, mtapoteza habari njema kwamba sehemu kubwa haifiki mtoni. Kinachobaki bila mteja ni pampasi, pedi, nguo chakavu na vifungashio laini. Pampasi inastahili swali lake, kwa kaya zenye mtoto mdogo tu: “Pampasi ya mwisho mliyoibadilisha iko wapi sasa?” Muulizwe mwanamke na mdodosaji wa kike, faragha. Wako wengi wanaoona aibu pampasi ya mtoto wao ikionekana na gari la taka au na jirani, wako wanaoogopa ikichomwa mtoto atadhurika, na wako wasio na ndoo yenye mfuniko kwa hiyo mbwa huzifukua. Kila sababu ina dawa yake, na hakuna hata moja inayotibiwa na bango la “Tunza Mazingira”.

Kuna jambo mmelichukulia kuwa hakika, nami naomba mlihakikishe kwanza: kwamba pampasi mnazoziona ni za mtaani kwenu. Themi unashuka kutoka miteremko ya Meru na kupita katikati ya jiji. Ulipofika kwenu umeshabeba za wengine. Chagueni kipande cha ukingo cha meta 100, mkisafishe kabisa wakati hakuna mvua, muwe na glavu na buti, kisha mrudi baada ya siku saba. Hesabuni kipande kwa kipande kwa aina. Takataka zilizo juu ya ukingo, pasipofikiwa na maji, zimetupwa hapohapo. Zilizonasa kwenye mizizi na mawe ndani ya maji huenda zimesafiri. Fanyeni hivyo juu ya mtaa wenu na chini yake. Ikiwa mto unaingia kwenu ukiwa na mzigo uleule unaotoka nao, diwani wenu anahitaji kukaa na madiwani wa kata za juu, na majirani zenu wameshukiwa bure.

Sehemu ya “uelewa wa mazingira” ningeipunguza iwe maswali matatu, yote ya wazi, bila kusoma orodha ya majibu. “Ni tatizo gani la usafi linalowasumbua zaidi hapa?” “Mlishafanya nini kulitatua?” “Mlizuiwa na nini?” Mwandike maneno yao wenyewe. Kama mnataka kupima ujuzi hasa, pimeni ule wenye madhara, mfano: kuchemsha kunaondoa floraidi? Hapo mtakuta pengo la kweli, na pengo hilo ndilo linalostahili semina.

Kuhusu idadi. Kwa kaya 900, kanuni ya Yamane inayotumiwa vyuoni inatoa kaya 90 mkikubali makosa ya asilimia 10 juu au chini, na 277 mkitaka asilimia 5. Kwa kazi yenu 90 zinatosha, ikiwa mnataka picha ya mtaa mzima. Mkikuta asilimia 60 hawakupitiwa na gari wiki iliyopita, hali halisi yaelekea ni kati ya 50 na 70, na diwani ana la kufanyia kazi. Lakini nahisi mnataka kulinganisha wa kando ya mto na wa kando ya barabara. Basi kila upande unahitaji karibu 90 zake, jumla 180, kwa sababu mkigawa 90 katikati, kila nusu inabaki na 45 na makosa yanakaribia asilimia 15. Vijana wanne, kila mmoja kaya sita kwa siku, mtamaliza kwa siku nane. Msikimbilie 277 kwa ajili ya heshima ya namba. Kaya 180 zilizohojiwa kwa utulivu ni bora kuliko 277 za haraka.

Namna ya kuzichagua ina uzito kuliko idadi yake. Orodha ya mjumbe wa nyumba kumi inawajua wenye nyumba kuliko wapangaji, na Arusha wapangaji ni wengi. Tembeeni mtaa mzima kwanza mkihesabu milango, na ndani ya kila uwanja mhesabu kaya, yaani wanaokula chungu kimoja. Kisha chagueni kila kaya ya tano, mkianzia namba iliyopigiwa kura kati ya moja na tano. Mkikuta pamefungwa, rudini jioni, rudini Jumapili mchana. Msiingie kwa jirani badala yake. Anayepatikana saa nne asubuhi siku ya kazi ni mtu wa aina fulani, na mama anayeuza soko la Kilombero au Soko Kuu hatakuwemo kamwe mkihoji asubuhi tu. Mhojiwa awe anayeshughulika na maji na usafi hasa, mwenye miaka 18 au zaidi. Mara nyingi ni mama, wakati mwingine ni dada wa kazi. Akiwa dada wa kazi, ombeni ruhusa yake na ya mwenye nyumba, na msimuhoji mbele ya bosi wake.

Barua ya mtendaji wa kata mnayo, vizuri, na mwenyekiti wa mtaa ajue siku mnazopita. Ila msitembee naye mlangoni. Akisimama pembeni, kila choo kitakuwa bora. Majina na namba za simu msiyaandike kwenye dodoso, wekeni namba ya kaya tu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za mtu si za kuachwa zikizagaa kwenye simu za kikundi. Mkitumia KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu ya dodoso, kwenye simu, msisambaze ramani inayoonesha nyumba moja moja, hasa kwa maswali ya vyoo.

Mkimaliza, kabla ya kwenda kwa diwani, yasomeni matokeo kwenye mkutano wa mtaa. Watu watawasahihisha papo hapo: watasema gari hupita lakini saa kumi na moja alfajiri kabla hawajaamka, au kwamba gati lile la kuchotea maji mliloliandika linafanya kazi lilifungwa juzi. Andikeni masahihisho hayo pembeni ya takwimu, kisha muombe mkutano uchague mambo mawili ya kumpelekea diwani, si kumi.